Taa ya Stima na Kidole cha Mfinyanzi

Juzi nilikuwa bandarini Mwaya, kando ya ziwa, wakati fundi wa stima ya Wajerumani alipovuta waya wa umeme kutoka melini mpaka ufukweni, akawasha taa moja kuijaribu.

Mama mmoja Mkisi, mfinyanzi, alikuwa akishusha vyungu vyake kutoka kwenye mtumbwi. Akaisogelea taa, mikono ikichuruzika maji, akakunja kidole. Wafinyanzi hawa hawaamini chombo mpaka wakigonge.

"Usiguse!" fundi akapiga kelele. "Umelowa! Utakufa!"

Kidole kikasimama karibu kabisa na chuma cha taa.

"Nataka kusikia kama ina ufa, baba."

"Ufa uko kwenye huu waya, mama, na huo hausikiki. Unaua tu. Umeme na maji havikai pamoja."

Mama akarudisha mkono taratibu, akaufuta kwenye nguo.

"Ndaga, baba," akashukuru, macho yakishuka mpaka miguuni kwa fundi. "Na wewe mbona umeushika waya huku umesimama majini?"

Fundi akatazama chini. Akatoka ziwani akinyata, waya kauinua juu, jasho likimtiririka.

Tangu juzi, mtu akinionya, natazama kwanza amesimama wapi.