Saa Iliyong'aa Kupita Kiasi

Jenereta ya mtaa ilizimwa saa sita usiku, na simu ya mume wangu Hrair ilikuwa bado haijalia. Tuliketi jikoni na mshumaa. Alikuwa akimngoja Abu Mishari, mnunuzi wa Kuwait, aseme kama anakuja kuichukua ile saa ya dhahabu au haji. Mimi nilikuwa naomba asije, na sikuthubutu kusema.

Hrair ni fundi saa. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na mitatu, kwenye kibanda cha baba yake hapahapa mtaani kwetu Burj Hamud, na hajawahi kufanya nyingine. Wenzake walipopeleka akiba benki, yeye alinunua saa za zamani za Uswisi. Moja kila baada ya miaka minne au mitano. Aliifunga kwa flana, akaiweka kwenye kasha la chuma chini ya kitanda, na hakuivaa hata siku moja. Toros, sonara wa chini ya ngazi, alimcheka kila Jumapili.

"Fundi, una saa sita nyumbani na kanisani bado unachelewa."

"Zile si za kutazama, Toros. Zile ni za kungoja."

Benki zilipofunga milango na watu wakakosa hata fedha yao wenyewe, Toros aliacha kucheka. Saa zetu ziliuzwa moja moja. Ndizo zilizomsomesha binti yetu Nairi. Imebaki hiyo ya dhahabu, iliyo bora kuliko zote. Sasa hiyo ni ya kutibu macho ya Hrair. Mtoto wa jicho amemziba pande zote mbili, skrubu anaitafuta kwa ncha ya kidole. Bila operesheni, kibanda tutakifunga.

Miaka mitatu iliyopita alilazwa kwa ajili ya moyo, nikabaki peke yangu na kasha. Nyumba mbili za mtaani zilikuwa zimevunjwa na wezi. Kila hatua niliyoisikia ngazini niliona ni ya mwizi. Usiku wa tatu niliitoa ile saa niifiche kwenye mkebe wa ngano. Iliniponyoka, ikaanguka kwenye vigae, ikapata mkwaruzo mrefu ubavuni. Asubuhi nilimpelekea Toros.

"Shemeji, huu ni wa dakika tano," alisema akiwasha mashine yake ya kung'arishia. "Nitakurudishia iking'aa kama bangili ya bibi harusi."

Iling'aa kweli. Nikaifunga kwenye flana yake, nikairudisha kashani, nikalala vizuri kwa mara ya kwanza wiki ile.

Mwaka jana tu ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nawamiminia kahawa, Hrair akawa anamwambia mteja mmoja: "Saa ya zamani usiipeleke kwenye mashine. Kingo zinalika, mihuri ya dhahabu inafifia, na nusu ya thamani inabaki kwenye vumbi. Mkwaruzo uache, mkwaruzo ni umri wake." Kahawa ilifurika nikiitazama. Tangu siku hiyo, kila mtu akitaja kasha, nabadilisha mazungumzo.

Abu Mishari aliiona saa hiyo miaka minane iliyopita, ikiwa bado nzima. Bei walipatana kwa simu, na alichokitegemea ni neno la Hrair kwamba haijaguswa.

Simu ililia alfajiri. Hrair alisikiliza, akacheka, akaikata.

"Ameshatua. Saa nne yuko hapa. Mama Nairi, mbona umekaa kama uko msibani? Mtu ananiletea macho yangu kwenye mkoba."

Akaitoa saa, akaiweka kiganjani, akapitisha dole gumba ubavuni. Akarudia tena, polepole.

"Inateleza," alisema. "Hata vidole vyangu vimeanza kuzeeka."

"Baba Nairi, si vidole."

Nilimwambia yote nikitazama makombo mezani: hofu yangu, mkebe, vigae, Toros. Ningefurahi kama angenigombeza. Aliendelea tu kuipapasa saa.

"Na mimi nimempa mtu neno langu," alisema mwishowe. Akaichukua saa, akaingia kwenye chumba chake cha kazi. Nikasikia ufunguo ukizunguka.

Saa nne kasorobo, Abu Mishari alipanda ngazi akihema. Nilimketisha, nikampa kahawa.

"Fundi yuko wapi, mama?"

"Anakuja."

Nilikwenda mlangoni, nikaweka mdomo kwenye mbao. "Baba Nairi, mgeni ameshafika."

Niligonga mara mbili. Nilifikiri juu ya moyo wake. Nilifikiri kwamba akitoka akauza bila kusema, jina lake la miaka arobaini na tano limekwisha. Na akisema, pengine macho ndiyo basi. Lolote litakalotokea, ni mimi niliyelileta. Sebuleni kikombe kiligonga sahani.

Ufunguo ulizunguka. Mlango ukafunguka, akasimama hapo na aproni yake ya kazi, saa mkono mmoja, lenzi mkono wa pili. Alinyoosha lenzi kuelekea nilipokuwa, akakosea kidogo, nikaipokea.

"Mimi sioni kingo," alisema. "Njoo uziangalie wewe, uniambie zimelika wapi, nimweleze mgeni sawasawa."