Majani ya Maji ya Chumvi

Chai yangu ya kwanza katika boma la wakwe zangu, nje kidogo ya Mutomo, mama mkwe aliimwaga mbele ya mlango wa jiko. Kisha akarudi kwenye ungo wake wa mbaazi na kusema, bila kuniangalia, "Hata kuku wameipita."

Ni kweli, kuku walikuwa wameipita.

Mimi natoka upande wa Kikima, kwenye vilima vya Mbooni. Kwetu maji hutoka chemchemi, hayana ladha yoyote, na mtu hayafikirii. Nilipoolewa, mama yangu alinifungia mfuko wa majani ya chai ya punje kubwa, yale yale aliyonunua maisha yake yote. Kwetu majani hayo yakiingia kwenye sufuria hutoa rangi ya udongo mwekundu uliolowa mvua, na harufu yake hutangulia kikombe. Mutomo yalitoa kitu cha kijivu, chenye utando juu kama mafuta ya taa kwenye dimbwi.

Ubaya wenyewe ni kwamba chai hiyo ilikuwa mtihani. Nyumba yetu, mimi na mume wangu, ilikuwa imekwisha kujengwa upande wa pili wa uwanja, na nyuma yake jiko dogo la matofali lililoezekwa vizuri. Lakini lilikuwa baridi. Katika familia ile, mkaza mwana hawashi moto kwake mpaka mama mkwe achukue makaa kutoka jikoni kwake, ayapeleke kwa mkono wake mwenyewe, na kumpangia mafiga. Kabla ya hapo unapika kwa mama mkwe, kwa kuni zake, na yeye ndiye anayesema unga unatosha au hautoshi, umelala sana au kidogo. Wengine husubiri wiki chache. Jirani yetu mmoja alisubiri mpaka mtoto wake wa kwanza akaanza kutembea.

Mama mkwe alinitajia sharti lake wazi, wala hakupunguza sauti.

"Siku mzee atamaliza kikombe chako, nitakuletea makaa. Siwezi kumwachia mwanangu mtu anayepika maji yakabadilika rangi tu."

Mzee, yaani baba mkwe, alikunywa turungi: chai isiyo na maziwa wala sukari. Sukari aliiacha kwa amri ya daktari, na maziwa aliyaacha kwa kiburi, akisema maziwa ni ya watoto na wagonjwa. Kwa hiyo hapakuwa na pa kufichia kosa. Kwa heshima ya pale, sikuweza kumpa kikombe mkononi wala kumuuliza amekionaje. Nilikiweka kwenye stuli pembeni ya kiti chake, nikaondoka, na baadaye nikaenda kukichukua. Kikombe ndicho kilichozungumza. Na kila mara kilirudi kimejaa, chai imepoa, nzi mmoja akizunguka ukingoni.

Asubuhi, mama mkwe alipika yake. Hiyo mzee aliimaliza, akakohoa kwa raha, akaenda kuangalia mbuzi.

Nilimpigia simu mume wangu, aliyekuwa kwenye kazi ya barabara upande wa Makueni na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi.

"Weka majani zaidi," akasema.

Niliweka zaidi. Chai ikawa nyeusi na kali, ikakamata ulimi kama ganda la mti. Mama mkwe aliionja kwa ncha ya kijiko.

"Hii utaipaka kwenye nguzo za ua, mchwa wasije," akasema. "Kwenu mnapaka nguzo na chai?"

"Hapana, mama."

"Nilidhani. Watu wa Mbooni mna maji mpaka mnamwagilia maua. Hamwezi kujua kupika."

Siku ya soko nilikwenda mjini kutafuta majani mengine. Mwenye duka alikuwa Mwislamu mwenye asili ya pwani, aliyekaa Mutomo muda mrefu hata akawa anatukana kwa Kikamba na kuomba radhi kwa Kiswahili. Wanaume watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi mbele ya kaunta, hawanunui kitu.

"Nataka majani ya turungi," nikamwambia.

"Yapo ya kila aina. Unampikia nani?"

"Baba mkwe."

"Na mama mkwe yu hai?"

"Yu hai."

"Basi, binti yangu, huhitaji majani. Unahitaji dua."

Wale wa benchi walicheka sana. Nilisubiri wamalize, kisha nikamwambia anifungulie kila aina niione.

"Hapa si zahanati," akasema. "Hatupimi."

"Basi nitanunua kwingine."

Hakutaka ninunue kwingine. Alinimwagia kidogo kidogo kwenye gazeti, akinung'unika. Kulikuwa na majani ya pakiti, ya punje za wastani, yanayong'aa kidogo. Kulikuwa na ya kupima kutoka gunia, madogo kama unga mweusi, ambayo watu huyaita vumbi. Na kulikuwa na yale ya vifuko vyenye uzi, ambayo mwenye duka aliyashika kwa vidole viwili na kusema ni ya watu wa ofisi, "wanaoogopa sufuria." Vumbi halikunukia sana, lakini nililiweka kidogo kwenye ulimi na likauma papo hapo. Nikanunua ya pakiti na ya gunia.

"Ukimaliza hayo na bado anakutukana," akasema mwenye duka, "rudi nikuuzie kahawa."

Majani ya pakiti yalinipa kikombe kilichojaa. Vumbi lilinipa kikombe kilichopungua kidogo, vidole viwili hivi kutoka ukingoni. Mama mkwe alikiangalia kikombe hicho na kusema, "Kimemwagika." Hakikuwa kimemwagika. Nilikuwa nimekiangalia mwenyewe kwa mbali, nikamwona mzee akinywa, akatulia, akanywa tena, kisha akakiweka chini.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali nililopaswa kuuliza tangu mwanzo. Mama mkwe alitumia majani ya kawaida tu, pakiti ya bei rahisi iliyokuwa wazi rafuni. Sufuria ni moja. Moto ni mmoja. Niliamka mapema siku kadhaa nikamwangalia akipika, na hakufanya jambo lolote ambalo mimi sikulifanya. Isipokuwa maji, ambayo kila mara nilikuta ameshayateleka.

Pale nyumbani tulikuwa na maji ya aina mbili. Ya kwanza yalitoka kisima cha pampu, tuliyaleta kwa punda, na yana chumvi; ukifua nayo sabuni haitoi povu, na ndani ya sufuria yanaacha ganda jeupe. Ya pili yalikuwa ya mvua, kutoka mabati ya nyumba kubwa, kwenye tangi lililofungwa kufuli. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la leso ya mama mkwe. Hilo halikunishangaza, maana kila boma la kule hufunga tangi, na maji ya mvua ni ya kunywa na ya wagonjwa. Nilikuwa nimeambiwa siku ya kwanza kwamba ya kupikia ni ya kisima, nikaamini kwamba ni kwa wote.

Jumapili moja mama mkwe alibaki kanisani kwa kikao cha wamama, nami nikarudi peke yangu. Chini ya meza, nyuma ya mfuko wa makaa, kulikuwa na mtungi mdogo uliofunikwa kwa sahani. Nilionja maji yake. Hayakuwa na chumvi hata chembe.

Nilipika chai mbili. Majani yale yale ya mama yangu, kijiko kile kile, muda ule ule, maji tofauti. Nikaziweka mezani sambamba. Moja ilikuwa nyekundu, safi, unaona chini ya kikombe. Nyingine ilikuwa ya kijivu, na utando ulikuwa umeshaanza kukunjamana juu. Nilizinywa zote mbili nikiwa nimesimama. Majani ya Kikima hayakuwa mabaya wala mikono yangu haikuwa mibaya. Yalikuwa majani mapole, na maji ya chumvi yaliyameza.

Nilimpigia simu mume wangu nikamweleza.

"Lakini tangi ni la mama," akasema.

"Najua ni la nani. Nakwambia ananipa mtihani kwa maji mengine."

"Sasa unataka nimwambie nini? Ati mama, unamwonea mke wangu kwa maji?"

"Ndiyo."

Akasema chaji ya simu yake inaisha. Mzee nisingeweza kumwendea, kwa heshima ile ile ya kikombe. Na kumwambia mama mkwe usoni kungempa alichotaka: angenipeleka mbele ya wazee wa kanisa kama mkaza mwana mpekuzi. Nikaamua kuyakubali maji ya kisima na kuyatafutia majani yake.

Nilifanya kazi hiyo kwa utaratibu, kila alasiri, kikombe kimoja. Vumbi peke yake lilikuwa na nguvu ya kupita chumvi, lakini halikuwa na harufu. Ulikuwa unakunywa ukali mtupu. Majani ya kwetu yalikuwa na harufu lakini hayakuwa na nguvu. Nilichanganya nusu kwa nusu, bado yakawa manyonge. Nikafanya sehemu mbili za vumbi kwa moja ya majani ya Kikima, hapo ulimi ukapata kitu na pua ikapata kitu. Kisha nikaacha kuyachemsha. Kule kila mtu huchemsha majani mpaka sufuria itoe jasho, na maji ya chumvi yakichemka na majani ndipo utando unapokuwa mnene. Mimi niliepua sufuria, nikatia majani, nikafunika, nikasubiri, nikachuja.

Mzee alimaliza kikombe. Nilikuta kimelala kwenye stuli, masalia kidogo chini. Nilikipeleka jikoni na kukiweka mbele ya mama mkwe.

Alikiinua, akakigeuza, akakirudisha.

"Alikuwa na kiu," akasema.

Kesho yake alimaliza tena. "Leo kuna jua," akasema mama mkwe. Siku iliyofuata alimaliza, naye akasema mzee anazeeka, ulimi unakufa. Sharti alilolitaja kwa kinywa chake lilitimia mbele ya macho yake mara baada ya mara, na jiko langu likabaki baridi. Niliacha kumpelekea kikombe akione. Nilikiosha tu.

Kilichoivunja hali ile ni kiangazi. Mvua ilichelewa, na asubuhi moja mama mkwe alifungua bomba la tangi likatoa matope, kisha hewa. Alisimama pale na mtungi wake mdogo. Nilikuwa nafagia uwanja, nikaendelea kufagia.

Alipika turungi ya asubuhi kwa maji ya kisima, kwa majani yake ya siku zote, akayachemsha vilivyo. Mzee alinywa mara moja. Akakiweka kikombe chini, akazungumza akiangalia upande wa ua, kama mtu anayeuliza mbuzi.

"Chai ya jana alasiri ilikuwa ya nani?"

"Ya huyu," akajibu mama mkwe.

"Basi apike huyu."

Hakuinua sauti. Akatoka.

Mama mkwe alikaa jikoni na kikombe kile kilichojaa. Nilidhani angenipigia kelele, na nilikuwa nimejiandaa, nimeshapanga nitakachosema kuhusu mtungi wa chini ya meza. Alinitazama kwa chuki iliyokomaa, isiyohitaji tena maneno mengi.

"Siwezi kukaa jikoni kwangu nikimwangalia mtu akimpikia mume wangu," akasema. "Toka. Nenda kwako."

Akachota makaa kwa kigae cha chungu, akatembea mbele yangu, kuvuka uwanja, mpaka kwenye jiko langu. Alipanga mafiga kwa mguu, si kwa mkono, akayamwaga makaa katikati, akapuliza. Kuni zikashika. Desturi inataka aliyewasha moto anywe cha kwanza kinachopikwa juu yake, kwa hiyo alibaki, amesimama mlangoni, mikono nyuma, huku nikipima vumbi na majani ya kwetu na kufunika sufuria.

Nilimpa kikombe. Alikunywa polepole mpaka mwisho.

"Majani umetia mengi," akasema. "Utamfilisi mwanangu." Akakiweka kikombe juu ya tofali, akaenda zake.

Kesho yake nilipunguza majani kidogo. Chai ikawa bora kuliko zote nilizopika pale. Sijamwambia, na sitamwambia.