Mipira ya Boti ya Baba

Majuzi, sokoni Buseresere, nilimwona kijana akiipaka mipira ya maji ya zamani oili chafu ili ing'ae. Harufu ile ilinirudisha Chato, ufukweni, kwenye boti ya baba.

Boti ile ilikuwa na mipira miwili ya kutoa nje maji ya mvua na mawimbi yaliyotuama sakafuni. Mipira hiyo ilikuwa imezeeka, imepasukapasuka kama visigino. Mchana ule baba aliichomoa, akailoweka kwenye maji ya moto, akaipaka oili na kuirudisha, akikaza klipu zenye kutu huku anapiga mluzi. Mimi nilimshikia kopo.

"Haya, Kabula, imekuwa mipya," aliniambia.

Niliamini kwamba hivyo ndivyo vitu vinavyofanywa vipya.

Alasiri akaja mjomba, kaka yake mama, aliyetaka kuinunua boti. Nilimwamkia. Aliipapasa mipira, akamtazama baba.

"Shemeji, hii umeibadilisha?"

"Muulize mwanao," baba alisema. "Alikuwepo."

Mjomba akachutama mbele yangu. "Eti, mama, hii ni mipya?"

"Ndiyo, mjomba. Mipya kabisa!"

Akacheka. "Basi. Mtoto hadanganyi."

Akainunua boti. Mpira ulipasuka siku ya kwanza ya mawimbi makubwa. Boti ikajaa maji, ikazama. Mjomba aliokolewa na wavuvi wa dagaa, na hakukanyaga tena kwetu. Mama alilia. Baba akaapa kwamba yeye hakumdanganya mtu.

Ni kweli. Mbele ya shemeji yake hakutamka uongo hata mmoja. Kwa kazi hiyo alikuwa na mimi.