Saini za Mkuu wa Chuo

Wanafunzi walimwita Mama Chuma, naye hakuona ubaya. Alianza kazi kwa kumwaga vyombo vya haja vya wagonjwa, akapanda hadi kuwa muuguzi mkuu wa hospitali, na mwishowe akakabidhiwa chuo cha uuguzi: ofisi yenye pazia la kijani, kabati lisilofungika, na simu iliyolia wakubwa walipotaka jambo tu.

Kwa kawaida, mwanafunzi hakupata cheti mpaka azalishe akina mama ishirini kwa mikono yake, kila uzazi ukitiwa saini na mkunga kwenye kitabu chake cha mazoezi. Wanafunzi walikuwa arobaini. Bodi ya chuo ikataka mia mbili, na Mama Chuma akakubali, maana mkuu mwenzake aliyekataa alistaafishwa mapema. Wanafunzi wakaongezeka, wajawazito hawakuongezeka. Ikawa watano kitanda kimoja: mmoja anapokea mtoto, wanne wanachungulia, na wote wanaandika wamezalisha. Mkunga wa zamu aligoma kutia saini, akavibeba vitabu mpaka ofisini kwa Mama Chuma.

"Mkuu, huu si uongo?"

"Wakifika kazini watajifunza," Mama Chuma alijibu, akasaini rundo zima kabla chai haijapoa. Watu wazima tunajua kujidanganya, tena kwa mwandiko mzuri.

Mwaka wa tatu wa mchezo huo, mke wa mwanawe wa pekee alijifungua mtoto wa kike, mchana kweupe, bila taabu. Kisha damu ikaanza kutoka, ikagoma kukata. Nesi wa zamu, msichana mwenye cheti kipya, hakumkanda tumbo, hakumchoma sindano, hakuita mtu. Alisimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Alipopata sauti ya kupiga yowe, maji yalikuwa yamezidi unga.

Mchuma janga hula na wa kwao, walisema wahenga. Hawakusema kwamba wa kwao ndio huanza kula.

Baada ya maziko Mama Chuma alimtafuta yule msichana, wakaongea kwa saa nzima. Alirudi nyumbani. Alitamani angezikwa yeye.

Wiki iliyofuata mwanawe alikuja na barua ya kamati ya uchunguzi. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake.

"Wamesema ni uzembe, mama. Namshtaki. Yule nesi lazima afungwe."

Akinyamaza, msichana angeingia jela, naye angebaki na mwanawe na mjukuu. Hata msichana akijitetea, hakuna ambaye angemwamini. Alimtengenezea mtoto shuka, na kukawia huko hakukumpendeza hata yeye mwenyewe.

"Mama, mbona hunijibu?"

"Kitabu chake nilikisaini mimi."

"Si ndiyo kazi yako? Kwani alizalisha wangapi?"

"Kitabuni, ishirini."

"Sijauliza kitabu, mama. Alizalisha wangapi?"

"Hata mmoja, mwanangu. Mkeo alikuwa wa kwanza."

Mwanawe hakupayuka. Angepayuka, angalau mama angepata la kujitetea. Aliinama, akamchukua mtoto mapajani mwa bibi yake, akachukua na chupa ya maziwa, akatoka. Mlango aliufunga taratibu, mtoto asije akaamka.