Msumeno Mkuukuu Uliorudisha Kazi Nyumbani kwa Kabale

Saa moja asubuhi, mtaa wa Bulla Pesa. Karakana za jirani zimeshaanza kupiga kelele, lakini Kabale Duba bado hajawasha umeme. Ameinamia msumeno wake wa kukatia vyuma. Anaugonga mkanda wenye meno kwa kidole, anausikiliza, kisha anaikaza skrubu kidogo.

“Ukilegea, unakata kombo. Ukikazwa kupita kiasi, unakatika,” anasema. “Hii mashine haipendi haraka.”

Anapowasha, hakuna cheche wala mayowe. Mkanda unazunguka, maji yenye oili yanatiririka juu ya bomba nene la chuma, na mkono wa msumeno unashuka polepole kwa uzito wake wenyewe. Kipande kinapoanguka, Kabale anakiwekea skwea, kipimo cha pembe mraba. Kimenyooka.

Haikuwa hivi mwanzoni.

Karakana hii ilikuwa ya mumewe, Abdub. Kabale alipaka rangi mageti na kupokea wateja, na kidogo kidogo akajifunza kuchomelea. Miaka mitatu iliyopita, diski ya grinda ilipasuka Abdub akikata chuma. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia.

“Alikaa nyumbani akitazama ukuta,” Kabale anakumbuka. “Mimi nikashika kazi, lakini grinda sikutaka hata kuisikia. Nikasema, lazima kuna njia ingine ya kukata chuma.”

Njia hiyo aliipata Nanyuki, kwenye karakana iliyokuwa ikifungwa: msumeno wa mkanda uliojaa kutu na kinyesi cha kuku. Akauza mbuzi tisa aliopewa na mama yake, akaupakia kwenye lori.

Abdub alipouona, alinuna. “Nilimwambia amebadilisha mbuzi hai na mzoga,” anasema leo, akicheka.

Siku ya kwanza ilielekea kuthibitisha maneno ya Abdub. Mkanda uliteleza kutoka kwenye magurudumu. Uliporudishwa, ukakatika kwa kishindo, majirani wakatoka nje wakidhani ni risasi. Gerishon, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimuuzia mkanda mwingine kwa huruma.

“Mama Ikra, peleka hiyo kitu kwa vyuma chakavu,” alimshauri, akimwita kwa jina la mwanawe.

Ndipo ikaja kazi ya kijiji cha Kipsing. Kamati ya maji ilitaka mnara wa kubeba tenki la lita elfu kumi kando ya kisima. Mwenyekiti wake, Mzee Lokol, alikagua vipande vya kwanza, akaona ncha zimekwenda upande.

“Mama, watoto wetu watacheza chini ya hiyo tenki,” alisema. “Kama miguu haisimami sawa, heri uniambie sasa.”

Kabale hakumdanganya. Aliomba wiki moja.

Alichomoa waya wa umeme, akaufungua msumeno na kutandaza kila kipande juu ya turubai. Alisugua kutu. Akaligeuza gurudumu la juu kwa mkono, akirekebisha mwinamo wake mpaka mkanda ukaacha kuteleza. Bado ukakata kombo.

Alikuwa amekata tamaa Abdub alipotoka nyumbani, akachuchumaa kando yake. Aliushika mkanda kwa mkono wa kushoto, akautikisa.

“Shika hapa,” alimwambia mkewe. “Unacheza. Hizi beringi zinazouongoza zimelika upande mmoja.”

Beringi za ukubwa ule walizipata kwa fundi wa pikipiki. Wakazifunga, wakasogeza vishikizi vinavyouongoza mkanda karibu na chuma, wakakata taratibu ili meno ya mkanda yasiumie. Abdub akaweka skwea. Hawakuona mwanga ukipita kati yake na chuma.

“Alisema ‘Alhamdulillahi,’ halafu akaniambia, ‘Leta bomba ingine,’” Kabale anasimulia. “Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali aniombe chuma.”

Mnara wa Kipsing umesimama mpaka leo. Gerishon naye ameacha kutoa ushauri. Siku hizi anawaelekeza wateja wake kwa Kabale wakatiwe mabomba.

Asubuhi Kabale huukaza mkanda na kukata kipande cha kujaribu; ukataji unaobaki sasa ni wa Abdub. Mashine hii haihitaji mikono miwili yenye nguvu. Anabana chuma kwenye jiliwa, anaachia msumeno ushuke, anangoja. Jioni anafagia unga wa chuma, anaulegeza mkanda upumzike usiku, anapaka oili. Kwa mwezi mzuri, wanabakiwa na takriban shilingi elfu arobaini.

Kabale anataka kufungua karakana ya pili Kipsing kwenyewe, ili wafugaji wasisafirishe mabirika ya kunyweshea mifugo na mageti yao hadi mjini kuyatengeneza. Tayari ameonyeshwa kiwanja karibu na kisima.

Nani atakwenda huko?

“Mimi,” anajibu Kabale.

Abdub anainua uso kutoka kwenye mashine. “Na msumeno ubaki hapa,” anasema. “Huko atafute wake.”