Kamba Ishike, Isibane

Kuna neno ambalo kwetu halijawahi kumkosesha mtu: kaza. Mwanafunzi anakaza msuli, mgonjwa anakaza moyo, na timu iliyofungwa mabao matatu jukwaa zima linaipigia kelele, kaza, kaza. Sijawahi kusikia mtu akishauriwa hadharani alegeze. Kulegea ni tusi. Ndiyo maana siku niliyopandisha kayaki ya dada yangu juu ya gari langu pale Kigombe, sikuona kosa lolote mpaka plastiki ilipolia.

Kayaki, kwa asiyeijua, ni mtumbwi mwembamba wa kukaa mtu mmoja na kasia lenye ncha mbili. Hii ilikuwa ya plastiki ngumu, rangi ya chungwa, na ilikuwa ya nyumba moja ya wageni iliyokuwa inafungwa. Dada yangu aliinunua kwa jasho lake la mwani. Analima mwani huko Moa, karibu na mpaka. Maji ya ufukweni siku hizi yanachemka, mwani unageuka mweupe na kuozea kambani, kwa hiyo amehamishia shamba kwenye maji marefu ambako hufiki kwa miguu. Msimu uliopita alikuwa akiomba nafasi kwenye mashua ya watu, na mwenye mashua ana safari zake. Mara mbili dada alichelewa, akafika shambani akakuta kamba tupu.

Sasa mwani wake ulikuwa umekomaa. Siku mbili tatu zikipita bila kuvunwa ungeanza kukatika wenyewe. Kayaki ilitakiwa ilale Moa siku hiyohiyo, nzima, bila ufa. Akamwomba mdogo wake mwenye gari lenye keria.

Mdogo wake alijiandaa. Nimesoma chuo kikuu, na mtu wa namna yangu hawezi kufunga hata mzigo wa kuni bila kwanza kutafuta maandishi. Juma zima nilisoma kwenye simu. Nilijua inalazwa kifudifudi, kwamba mikanda miwili inapita juu yake na kuzunguka vyuma vya keria, kwamba pua na mkia vinafungwa chini kwenye gari, na kwamba kinachozidi nyuma kinatiwa kitambaa chekundu. Nilinunua mikanda ile yenye mpini wa meno, unaouvuta na kila ukilia “kra” mkanda unazidi kuingia. Vipande vya godoro vya kuweka chini yake nilivikata mwenyewe, vikatoka vya upana tofauti.

Wanaume waliokuwa wakishona nyavu pembeni hawakutaka kunitupa.

“Kaza, mzee! Hiyo itaruka mpaka Pemba!”

Nikavuta. Kra.

“Kaza tena! Hujala?”

Nikavuta kwa mikono miwili, mguu mmoja nimeuegemeza kwenye tairi. Kra, kra. Halafu ukaja mlio mwingine, mzito, na tumbo la kayaki likaingia ndani kama kikombe cha bati kilichoangushwa.

Dada yangu, aliyekuwa ameshika pua ya kayaki, aliiachia.

“We! Unaifunga au unaikaba?”

“Dada, ni fizikia. Kwenye mwendo, upepo unanyanyua...”

“Fizikia yako imebonyea. Tazama.”

Nikatazama. Akapitisha kiganja kwenye lile bonde taratibu, akitafuta ufa, na hata wale wa nyavu wakaacha kushona. Sijui kama nimewahi kungoja matokeo ya mtihani wowote kwa hofu ile. Hakukuwa na ufa.

“Legeza,” akasema. “Yote.”

Nikalegeza yote. Akajifunga kanga kiunoni vizuri, akaanza upya. Maisha yake ya utu uzima ameyatumia akifunga miche ya mwani kwenye kamba, mmoja mmoja, maelfu kwa maelfu, na vidole vyake vina elimu ambayo mimi sikupewa.

“Mche ukiubana unakatika shingo kabla haujakua. Ukiuachia, unakwenda zake. Kamba ishike, isibane.”

Akavuta mkanda mpaka kidole chake kikapita chini yake kwa shida, akaishia hapo. Kisha akaishika kayaki kwenye pua na kuitikisa kwa nguvu. Gari zima likayumba nayo.

“Ikicheza peke yake, bado. Ikicheza na gari, tayari.”

Hilo sikulikuta kwenye simu.

Tuliondoka kwa mwendo wa harusi. Baada ya kilomita chache akaniamuru nisimame, akashuka, akaitikisa tena. Tulipopita Tanga mjini na kushika lami ya Horohoro nikaongeza mwendo, na juu ya vichwa vyetu pakaanza mvumo kama mzinga wa nyuki. Dada akashika mlango. Hapo ndipo chuo kikuu kiliponifaa. Nikasimama, nikafungua mikanda, nikaisokota, kila mmoja msokoto mmoja, ili upepo usiipige kama ngoma, nikafunga tena kwa kipimo cha kidole. Mvumo ukafa.

“Kumbe kuna ulichosoma,” akasema.

Mbele kidogo askari wa barabarani akatusimamisha. Akazunguka gari, akagusa kitambaa chekundu.

“Mzee, umebeba nini, jeneza la plastiki?”

Akaishika kayaki mkiani, akaivuta. Sisi wawili ndani tukayumba kama watoto kwenye bembea. Akavuta tena, uso wake ukabadilika.

“Hii kafunga nani?”

Nakiri kwamba mdomo wangu ulishafunguka kusema mimi. Ile misokoto si ilikuwa yangu?

“Dada yangu,” nikasema, na kifua changu kikajaa kama bado najisifu.

Askari akainama dirishani. “Shikamoo mama.”

“Marahaba.”

“Siku moja uje uwafundishe hawa wanaotudondoshea magodoro barabarani.”

Moa tulifika jua likiwa bado kali. Tukaishusha, tukailaza juani tumbo juu, na plastiki ilipopata joto bonde likaanza kujirudisha lenyewe, mpaka kikabaki kishimo cha ukubwa wa kisahani. Asubuhi akaiingiza majini. Nilisimama ufukweni na viatu mkononi, nikihesabu mapigo ya kasia, nikingoja izame. Haikuzama. Alirudi ameketi katikati ya magunia ya mwani, kayaki imezama nusu kwa uzito, yeye amenyooka kama anaendesha gari la serikali.

Wakulima wenzake, wanawake watano, wakaikagua. Mmoja akatia kidole kwenye kishimo.

“Na hapa je?”

“Hapo,” dada yangu akasema, “ndipo msomi wetu alipokaza.”

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikaenda kuwasaidia kubeba magunia, nikapewa la mwisho, lililo dogo.