Aliyenipigia Stata Asubuhi Hii

Jamani, leo nimetoa upepo kwenye pampu ya dizeli pamoja na mtu nisiyemjua.

Ilikuwa asubuhi, hapa Mlowo, ukungu umeshuka mpaka chini. Lori la mahindi liliishiwa dizeli njiani, pampu ikavuta hewa, likagoma hata lilipojazwa. Nikamwambia dereva apande akapige stata. Akasema sawa. Nikainama kwenye injini, nikalegeza nati ya nozeli ya kwanza.

"Piga!"
Stata ikalia, povu likatoka.
"Acha!"
Kimya.

Tukaenda hivyo nozeli tano. Kichwa sikuinua. Fundi gani anainua kichwa?

Nikiwa kwenye ya sita, mtu akakohoa nyuma yangu.
Dereva! Ana chapati mkononi.

"Samahani fundi, nilipita kwanza kunywa chai. Tuanze?"

Nikacheka. "Acha utani kaka, imebaki moja."

Hakucheka. Akatoa ufunguo wa kuwashia lori mfukoni, akanionyesha.

Tukafungua mlango. Hakuna mtu.
Nikagusa kiti. Kina joto.

Lori bado liko pale, nati ya sita haijakazwa. Mafundi wa Tunduma, nani aje amalizie?

Mimi lile neno "piga" silitamki tena.